Tumbo la Dada Minza

Udongo wa kichuguu una harufu yake, na harufu hiyo niliijua kwanza kutoka kinywani mwa dada yangu. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, Minza upande wa ukutani, mimi upande wa mlangoni, na kila alipogeuka kunielekea pumzi yake ilinijia kama ardhi iliyopigwa na matone ya kwanza ya mvua, ilhali tulikuwa katikati ya kiangazi na mvua ilikuwa imetuaga zamani. Alibeba mabonge madogo ya udongo huo kwenye pindo la khanga, akayamega kidogokidogo siku nzima: shambani tukichuma pamba, njiani tukienda kisimani, hata kanisani wakati wa maombi marefu. Alinionjesha mara moja. Ulikuwa laini, wenye chumvi kwa mbali, ukinata kwenye meno. Niliutema. Yeye alicheka, akaniambia nisimwambie mtu, nami nikaapa.

Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na minne. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Lagangabilili. Siku hizo hakukuwa na mkoa uitwao Simiyu. Sote tulikuwa watu wa Shinyanga, na Bariadi ndio uliokuwa mji wetu, mahali walipokwenda wenye shida za kuandikwa kwenye karatasi. Minza alikuwa darasa la saba. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na katika ukoo wetu hakuna msichana aliyekuwa ameufikia. Baba, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshatamka mbele ya wageni kwamba Minza akichaguliwa kwenda sekondari atauza ng'ombe amsomeshe. Kauli hiyo ilimfurahisha mama na kumuudhi shangazi Kwandu, dada mkubwa wa baba, ambaye kaya yake ilikuwa karibu na yetu kiasi cha kusikia mtu akiita. Shangazi alijua kwamba ng'ombe hutoka nyumbani kijana anapooa na huingia binti anapoolewa. Ng'ombe wa kumfuata binti shuleni hakuwahi kumsikia.

Ulikuwa msimu wa kushuku kila kitu. Chama cha ushirika, ambacho wazazi wetu walikiuzia pamba miaka yote, sasa kilikuwa na washindani. Kampuni za watu binafsi zilikuja na malori na mizani zao, zikafungua vituo vya kununulia, na wakulima wakazikimbilia huku wakizinung'unikia. Hakuna aliyeiamini mizani ile. Nguo za mitumba zilifika mnadani kwa marobota, tukaambiwa ni za watu waliokufa. Na dawa, ambazo zamani tulipewa zahanati bure zilipokuwepo, sasa ziliandikwa tu kwenye kipande cha karatasi ukanunue mwenyewe Bariadi, kwenye maduka mapya yaliyochorwa msalaba wa kijani ukutani. Maduka hayo yalisemwa mengi. Ilisemwa vidonge vyake vingine ni chokaa. Ilisemwa wasichana wa mjini wakiharibikiwa huingia kwa mlango wa nyuma na kutoka wakiwa wepesi. Sikuelewa kuharibikiwa ni nini wala kuwa mwepesi, lakini niliielewa sauti ambayo wanawake walitumia kuyasema hayo, ile sauti ya chini inayomfanya mtoto asogee karibu.

Kwa sababu Minza alijua kusoma vizuri, wazee wa kijiji walimwomba akae kituoni kwenye ununuzi wa pamba awasomee mizani. Basi kila baada ya masomo, na siku nzima za Jumamosi, dada yangu alisimama bega kwa bega na karani wa kampuni, kijana mmoja wa Mwanza aliyeitwa Deo, mwenye shati la mikono mirefu na kalamu sikioni. Deo akitaja namba, Minza anaitaja tena kwa Kisukuma, kwa sauti. Mara nyingine namba zao hazikufanana, na wazee wakapiga makofi. Wao ndio waliomweka pale, karibu na kijana yule, kwa kuwa hawakumwamini. Baadaye walisahau.

Kilichoanza kuonekana kilionekana polepole. Minza alichoka. Alikuwa mtu wa kutuacha nyuma shambani, sasa akawa wa kukaa chini katikati ya mstari wa pamba, kichwa magotini. Uso wake ulififia rangi. Asubuhi alitoka nje kwa haraka, nami nilimsikia nyuma ya zizi akitapika maji. Mikono yake ilikonda, miguu ikakonda, lakini tumbo lilikuja mbele, la duara na gumu, likainua gauni la shule.

Siku moja nilitumwa kwa shangazi kurudisha ungo. Nilimkuta akimenya karanga, akanipa michembe, nikakaa chini kutafuna vile viazi vikavu huku miguu nimeinyoosha juani. Akaniuliza, kama mtu asiye na haja ya jibu, "Dada yako siku hizi anakula?"

"Anakula, halafu anatapika."

"Anatapika wakati gani?"

"Asubuhi. Na anakula udongo."

Mikono ya shangazi ilisimama juu ya karanga. Aliniongezea michembe, akanijazia viganja vyote viwili, nikarudi nyumbani nikijiona mtoto mwenye bahati.

Hazikupita siku tatu, kijiji kizima kikawa kinamtazama Minza kiunoni. Wanawake kisimani walimsalimia kwa heshima ya ajabu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kama wanavyomsalimia mke wa mtu, kisha wakagusana mbavu kwa viwiko. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamwambia abaki nyumbani mpaka jambo lake lijulikane. Minza alirudi na madaftari yake yamefungwa kwa kamba ya katani, akaketi kizingitini. Baba alikuwa amekwisha kusikia. Alimsimamisha katikati ya uwanja.

"Ni nani?"

"Nani wa nini, baba?"

"Jina lake."

"Jina la nani?"

Baba aliona anamfanyia kiburi. Mimi nilikuwa karibu, niliuona uso wake Minza, na nasema leo kwamba alikuwa hajui anaulizwa nini. Mama alimvuta ndani. Nikasikia akiulizwa kuhusu siku zake, na Minza akijibu kwamba hazijaja tangu wakati wa palizi. Mama akaanza kuhesabu miezi kwa sauti ya chini. Hesabu ile ndiyo iliyoniogopesha kuliko sauti ya baba, kwa kuwa nilifahamu kwamba hata mama ameanza kuwaza.

Baba alichukua fimbo yake akaenda kituoni kwa Deo. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba siku ya pili yake lori la kampuni lilipakia magunia ya mwisho, likaondoka kuelekea upande wa Meatu, na Deo juu yake. Pamba ya kwetu ilikuwa imekwisha, hiyo ndiyo sababu. Hata sisi watoto tulikuwa tumeshaona ghala tupu. Lakini kijijini wakasema, "Amekimbia," na kuanzia hapo haikuwa tena fununu. Ikawa habari.

Mama alimpeleka Minza zahanati ya kijiji cha pili, nami nikafuatana nao kubeba maji ya kunywa. Nesi aliitwa Paskazia, mwanamke mfupi kutoka Kagera, mwenye Kiswahili cha haraka. Alimvuta Minza kope ya chini, na ndani palikuwa peupe kama pamba. Alimlaza, akalibonyeza tumbo kwa vidole viwili, akaweka juu yake kile kipimo cha mti cha kuwapimia wajawazito na kusikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza Minza anakula udongo tangu lini. Minza akanigeukia. Mimi nikaangalia ukutani.

"Mama, humu hamna mtoto," nesi alisema. "Humu mna minyoo, tena mingi. Na ile midogo ya safura imemnyonya damu, ndiyo maana anatamani udongo na siku zake zimekatika. Nyumbani mnakwenda haja wapi?"

"Porini," mama alijibu. "Kama watu wote."

"Basi mnaikanyaga inarudi." Alifungua kabati lake tukaona rafu tupu, ametandika gazeti. Akaandika jina la dawa, akaeleza kwamba aanze na kipimo kidogo, kwa kuwa minyoo mingi ikishtuliwa kwa mpigo inaweza kujifunga fundo tumboni, na baada ya wiki mbili arudie. Watoto wote wa nyumba wameze pia. "Kanunueni Bariadi," alimaliza.

Mtu angedhani shida imekwisha. Ndipo ilipoanza. Shangazi alikuja jioni, akaishika ile karatasi, akaigeuza juu chini. Alisema nesi mwenyewe ni mgeni. Alisema ameandika lugha isiyosomeka, na anawatuma kwenye maduka yaleyale. "Atameza, tumbo litashuka, halafu mtatuambia ilikuwa minyoo," alisema. Shangazi alipoondoka, baba alimwambia mama kwamba dawa isinunuliwe. Nilimsikia. Tumbo likishuka kwa kidonge cha dukani, alisema, nani ataamini? Likibaki, litasema lenyewe. Tusubiri.

Nimeyafikiria sana maneno yale nikiwa mtu mzima. Baba alimpenda Minza. Lakini alikuwa amefungiwa njia zote mbili: binti mgonjwa alikuwa mja mzito, na binti aliyepona angekuwa mwuaji. Akachagua kusubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kunammaliza Minza mbele ya macho yetu. Wiki ya pili alianguka kisimani. Ndoo ilipasuka, akalala kwenye matope, na wanawake waliokuwepo walichelewa kumwinua kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kumgusa. Mimi ndiye niliyekimbia kumwita mama.

Mama alimfikisha nyumbani, akamfunika, kisha akaenda moja kwa moja kwa shangazi. Nilimfuata. Hakukaa.

"Wifi," alisema, "wewe ndiye uliyeanza kusema. Kesho nakwenda Bariadi kununua dawa. Nikirudi, uje ukae kwangu. Umpe kwa mkono wako. Umfuate kila aendako, hata porini. Kitakachotoka ukione wewe."

Shangazi alikubali upesi mno. Nadhani alikuwa akiungoja mwaliko huo.

Mama alirudi siku iliyofuata na vidonge vyeupe vimefungwa kwenye karatasi. Shangazi alikuwa ameshaleta mkeka wake. Asubuhi, uwanjani, mbele ya baba aliyejifanya anasokota kamba ya ng'ombe, alivifungua akavinusa. Akauliza kama duka lile linauza pia dawa za mifugo. Mama, ambaye hakujua kudanganya, akasema zipo, rafu ya chini.

"Basi aanze huyu mdogo," shangazi alisema, akininyooshea kidole. "Kama ni ya minyoo, haitamdhuru."

Nesi alikuwa amesema sote tumeze, lakini siku ile sikuyakumbuka maneno ya nesi. Nilikumbuka wasichana wa mlango wa nyuma. Niliamini kabisa kwamba ndani yangu pia mna kitu ambacho kidonge kile kitakitoa, na kwamba nitakufa. Nilianza kulia, nikabana midomo. Shangazi akamwangalia baba, kama kusema, umeona? Kulia kwangu kulikuwa kumeshakuwa ushahidi.

"Mwacheni," Minza alisema. Alikuwa ameegemea ukuta, sauti yake nyembamba. "Mdogo wangu msimlazimishe. Nitameza peke yangu."

Sikuwa mtoto jasiri, wala sijawa mtu mzima jasiri. Lakini nilipomsikia akinitetea, mimi niliyekula michembe kwa siri yake, niliinyakua dawa kutoka kiganjani kwa shangazi nikaimeza bila maji. Ilipita kooni chungu, ikikwaruza. Mama akameza yake. Kisha Minza.

Mchana ule shangazi alitembea nyuma yangu na jembe begani, akinisubiri kila nilipochutama. Yangu ilitoka mitatu. Aliiangalia, akaifukia. Ya Minza ilianza asubuhi ya pili. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ua wa minyaa, na nilisikia kabla ya kuona. Nilimsikia shangazi akihesabu kwa Kisukuma, taratibu, kisha haraka, kisha akaacha kuhesabu akamlilia mama yake, "Mayu! Mayu wane!" Niliponyoosha shingo niliiona ikiwa kama nyuzi nene za kushonea magunia, rangi ya maziwa yaliyoingia damu kidogo, mingine bado ikijikunja. Sikumwona Minza usoni. Alikuwa amejifunika khanga kichwa kizima, amechutama mbele ya mtu aliyemwita malaya, na mtu huyo alikuwa ameinama akichunguza. Alipotoka pale alipita karibu nami, na najua aliniona.

Ilitoka siku ile na iliyofuata. Tumbo likalegea. Mama akamtazama shangazi, akingoja. Shangazi alikunja mkeka wake.

"Minyoo na mimba vinaweza kukaa tumbo moja," alisema, akaenda zake.

Na kijiji kilisema vilevile. Tulirudia dawa baada ya wiki mbili, nesi akamwandikia vidonge vya kuongeza damu, baba akanunua maini kila mnada bila kueleza ni ya nini. Minza alirudisha rangi usoni. Aliacha udongo, si kwa kukatazwa, hamu tu ilimwisha. Hata siku zake ziliporudi, ikasemwa ndiyo mimba yenyewe inatoka. Kila dalili ya kupona ilikuwa kosa jipya.

Kilichotuokoa ni kiburi cha shangazi. Tulikuwa naye kisimani, mimi na Minza, mama mmoja akacheka akasema, "Naona Minza amekuwa mwepesi. Dukani Bariadi kuna dawa." Shangazi alitua ndoo.

"Unasema mimi ni kipofu?"

"Sijakusema wewe."

"Nilisimama pale na jembe siku tatu. Kilichotoka nimekifukia mimi. Ulikuwepo wewe?"

"Lakini si wewe mwenyewe uliyesema ana mimba?"

"Mimi nilisema ana tumbo," shangazi alijibu, na akaanza kueleza minyoo ile, urefu wake, wingi wake, namna ilivyojikunja, mpaka yule mama akaomba anyamaze. Hakunyamaza. Alieleza kisimani, akaeleza mnadani, na mwishowe akafuatana na baba shuleni akamweleza mwalimu mkuu kwa Kisukuma kizito hadi mwalimu akasukuma kando kikombe chake cha chai. Hakuwa anamtetea Minza. Alikuwa anatetea macho yake mwenyewe, asiitwe mtu aliyedanganywa. Minza alirudi darasani. Hakuombwa msamaha, wala siku ile wala nyingine yoyote.

Alifanya mtihani, hakuchaguliwa. Walichaguliwa wachache sana, na huenda asingekuwamo hata bila zile wiki alizokaa kizingitini. Sijui. Aliolewa huko Lingeka, kwenye pamba na ng'ombe, na ni mama wa watu wazima sasa. Miaka michache baada ya mambo yale, tukichuma pamba sisi wawili, nilijikaza nikamwambia kwamba ni mimi niliyemwambia shangazi. Aliendelea kuchuma.

"Najua," alisema. "Ulirudi na michembe viganja viwili. Shangazi hagawi hivyo bure." Kisha baada ya hatua kadhaa: "Hilo halikuniuma. Kilichoniuma, wote mlikuwa mnaniangalia. Hakuna aliyeniuliza akakaa kusikiliza jibu."

Sasa ninaishi Bariadi, mji wa mkoa, na Lagangabilili kuna ofisi za wilaya zenye mabati ya rangi. Dawa za minyoo watoto hupewa shuleni, nyingine tamu za kutafuna, na wazazi wengi hatuna habari mpaka jioni. Hata hivyo bado kuna wanaowaficha watoto siku hiyo, na mimi siwacheki. Mwaka jana binti yangu wa miaka kumi na minne alikaa juma zima bila kula, akikunja uso asubuhi, na naona haya kuandika kwamba kabla sijamgusa paji la uso nilikuwa nimeshaanza kuhesabu miezi kichwani. Nilimpeleka duka la dawa, nikaomba ya minyoo. Nyuma ya kaunta alikuwepo dada mmoja wa koti jeupe, pengine hakuwa amezaliwa wakati Minza anaanguka kisimani. Alisikiliza, akauliza umri, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna uwezekano binti ana ujauzito, kwa kuwa dawa hii mjamzito hapewi hivihivi.

Jibu lilikuwa ulimini, kali, la mama aliyetukanwa. Nikalimeza.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Alimgeukia, akamuuliza. Binti yangu alimtazama machoni, akasema, "Hapana." Yule dada akatikisa kichwa kukubali, akafungua boksi, akampa kidonge na glasi ya maji. Hayo tu. Nikasimama pale nikishikilia ukingo wa kaunta, nikiona jinsi neno moja la msichana lilivyotosha.